Data, Kile Hakikuwa Kiingereza

Mpendwa Data,

Nakuita Data, yaani baba kwa Kirundi, kama tulivyokuita nyumbani Katumba, ingawa barua yenyewe naiandika kwa Kiswahili. Kirundi changu kimebaki cha jikoni, cha kuomba chumvi na kumwamkia Mama, na hakitoshi kwa haya ninayotaka kukuambia. Shule zimefunguliwa wiki hii. Kidato cha kwanza wameingia na masanduku yao na magodoro, na mimi ndiye mwalimu wao wa Kiingereza, hapa Mamba, ambako mvua ya Januari imeufanya uwanja wa shule kama jaruba la mpunga. Jana kipindi cha kwanza kilipoisha nilibaki darasani peke yangu nikikuwaza wewe, nikashindwa kujua kama nacheka au nalia.

Unakumbuka msimu ule majina ya waliochaguliwa yalipotoka? Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati sisi wote wa Katumba bado tunaitwa wakimbizi, hata mimi niliyezaliwa palepale. Nilichaguliwa kwenda sekondari Mpanda mjini, na kijijini kwetu watu walikuja kutupa pongezi kama vile kuna harusi. Ila kila aliyekuja aliondoka na neno lilelile: huko masomo yote ni Kiingereza. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili. Kiingereza chenyewe tulikisoma kwa kukariri, na mwalimu wetu alikuwa anakiogopa kuliko sisi.

Wewe hukuogopa. Ulisema lugha ya wazungu unaijua, ulifundishwa na mapadri huko Burundi kabla hamjakimbia. Ukaazima kitabu cha Kiingereza kwa katekista, na mvua ilipokuwa inanyesha huwezi kwenda shambani, tulikaa barazani ukanifundisha kusoma. Ulikuwa unasoma kwa sauti nene, midomo umeichongoa, maneno mengine yanatokea puani. Nilikuwa sijawahi kukuona hivyo. Baba wa jembe na tumbaku aliondoka, akaja mtu mwingine aliyenyooka mgongo.

Mama alikuwa anachambua maharage pembeni. Siku moja akauliza, "Una hakika ndicho chenyewe?"

Ukamjibu, "Lugha za wazungu ni ndugu. Ukiijua moja umezijua zote."

Nami nilikuamini. Kwa nini nisingekuamini?

Siku ya kuondoka ulikwenda ofisi ya makazi kuomba kibali cha kutoka, kama ilivyokuwa sheria kwetu wakimbizi. Ukafunga sanduku, jembe na fyekeo nyuma ya baiskeli, mimi nikakaa mbele kwenye bomba, na kila penye tope tulishuka tukasukuma. Tulipofika shuleni ulimkuta mwalimu wa zamu ukavua kofia. "Bonjuu, mesye," ulimwambia. Yule mwalimu alikutazama, akajibu, "Karibu Mzee, shikamoo." Nikashangaa kwamba mwalimu mzima wa sekondari hajui kujibu Kiingereza. Nilidhani labda ana aibu.

Halafu ukaondoka, na kipindi cha kwanza kikaja. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa mwanamke mrefu, sote tulimwita Madam. Aliingia akaongea Kiingereza kitupu, hakuweka hata neno moja la Kiswahili. Nilitega masikio nikisubiri maneno yako yapite. Hayakupita. Nilijiambia pengine anaongea haraka, au ni Kiingereza cha kabila lingine. Kisha akafungua kitabu na kunyanyua mkono wake kutuonyesha, nikaelewa kwamba anataka mtu wa kusoma. Darasa zima lilikuwa na walionyoosha vidole wachache, wote watoto wa mjini. Nami nikanyoosha.

Juu ya ukurasa paliandikwa maneno mawili tu, "Lesson Six", yaani somo la sita. Nikachongoa midomo kama wewe, nikasoma kwa sauti: "Leso sisi."

Data, darasa lilianguka. Mvulana mmoja wa nyuma alitoa kitambaa chake mfukoni akakipunga. Kuanzia siku hiyo mpaka namaliza kidato cha nne jina langu likawa Leso. Madam hakucheka. Alinikazia macho, akaniuliza kitu ambacho sikukielewa, na binti niliyekaa naye akaninong'oneza, "Anauliza nani kakufundisha."

"Baba," nikasema. Hilo nalo waliliona la kuchekesha.

Yule binti aliitwa Vumilia, Mkonongo wa Inyonga, baba yake mrina asali. Ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza pale. Jioni nilipokuwa nalia bombani tukichota maji alisimama kando yangu na ndoo yake. "Mimi naona afadhali yako," alisema. "Wewe una Kiingereza kibovu. Mimi sina hata hicho kibovu."

Wiki zile zilipita kama niko ndani ya maji. Nilikuwa naona midomo ya walimu inacheza, sisikii kitu. Mwalimu wa baiolojia alikuwa anafunga mlango na kutufundisha kwa Kiswahili, halafu mtihani unakuja kwa Kiingereza. Nilikuwa najua moyo unavyosukuma damu, ila nikiulizwa kwa karatasi nashindwa hata kujua kama nimeulizwa habari ya moyo. Kilichonichanganya zaidi ni wewe. Maneno mengi ya kitabuni yaliandikwa vilevile ulivyoniandikia kwa mkaa ubaoni, na mengine maana yake ilikuwa ileile uliyonipa. Basi kosa liko wapi? Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nilifundishwa upya kusoma, taratibu, na kila neno nililolipata kwa Madam nilihisi kama nakunyang'anya wewe.

Halafu Jumapili moja ya kutembelewa ukaja. Ulileta mahindi ya kuchemsha na karanga, tukakaa kwenye nyasi nyuma ya bweni. Ukala kidogo, ukafuta mikono, ukasema, "Haya, nisomee."

Nilisoma kama Madam alivyonifundisha. Ulisikiliza huku umeinamisha kichwa, na uso wako ukawa unakunjamana. Nilipomaliza ulisema, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "wanakuharibu."

"Data, ndivyo wanavyosoma hapa."

"Basi wanasoma vibaya. Nipeleke kwa mwalimu wako."

Nilijaribu kukuzuia. Nilisema Jumapili walimu wanapumzika, na wewe ukasema mwalimu hapumziki mtoto akipotea. Nyumba ya Madam ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo, akasimama akatupa viti, nami nikabaki nimesimama kati yenu.

Ulimwamkia vizuri, ukaeleza kwa Kiswahili chako chenye Kirundi ndani, kwamba mtoto ulimleta anajua kusoma na sasa anakosea. Hukuwa na hasira. Uliongea kama mtu anayemwonyesha jirani kwamba mbuzi wake wameingia shambani.

Madam alikupa kitabu. "Nisomee wewe, Mzee."

Ukasoma. Ukurasa mzima, sauti ileile ya barazani kwetu. Madam aliacha ungo wake. Ulipomaliza alisema taratibu, "Mzee, hiki unachosoma ni Kifaransa. Na unakisoma vizuri sana, mimi mwenyewe sikiwezi. Lakini kitabu hiki ni cha Kiingereza."

Ulitazama kitabu. Ukakigeuza, ukatazama jalada, ukarudi ndani.

"Lakini maneno ni haya haya," ulisema.

"Mengine ni hayo hayo. Wanayatamka vingine."

"Kwa hiyo hiki changu, hapa kinatumika wapi?"

Madam alikitazama kitabu mikononi mwako. Nadhani alitafuta jibu la kukufariji akalikosa. "Hapa Mpanda, Mzee, sijui. Sijaona kinapotumika."

Ukasema, "Ego," yaani ndiyo, kwa sauti ndogo, ukamrudishia kitabu kwa mikono miwili. Nilikusindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kusema kitu, sikukipata kwa lugha yoyote ninayoijua. Ulipanda baiskeli, kisha ukacheka, kicheko kirefu, mabega yanatikisika, ukaenda zako unacheka. Sikujua kama ni kicheko cha kweli. Mpaka leo sijui.

Mwaka uliofuata, tumbaku ilipokwisha kuuzwa, watu wa Katumba walianza kusema kwamba kwetu Burundi kumetulia, wengine wakaenda kuangalia mashamba waliyoyaacha. Ulienda nao. Sikuwepo nyumbani. Niliporudi likizo Mama aliniambia umekwenda kuona itongo, shamba la ukoo wenu, na kwamba utarudi kabla ya kupanda. Haikupita muda vita vikaanza huko, na watu wapya wakaanza kuvuka kuja huku wakikimbia. Tulimuuliza kila aliyetoka upande wenu. Hakuna aliyekuona.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia hata Mama. Miaka yote hiyo nimeamini kwamba uliondoka kwa sababu ya Jumapili ile. Niliwaza kwamba mtu mzima aliyeambiwa mbele ya mtoto wake kwamba anachokijua hakina mahali pa kutumika, atakwenda kutafuta mahali hapo. Mama alisema ni shamba. Kaka alisema ni vishawishi vya wenzako. Mimi nilisema moyoni ni Kiingereza. Na Kiingereza chenyewe ndicho nikaendelea kukisoma, nikakifaulu, kikanipa kazi. Kila mwaka shule zikifunguliwa nasimama mbele ya watoto wa Kipimbwe, wa Kisukuma, wa Kirundi, wamenikodolea macho kama nilivyomkodolea Madam, na mimi sijui kama ninawapa kitu au ninawanyang'anya. Nimewahi kuwaambia walimu wenzangu, wakasema nafikiri kupita kiasi. Huenda.

Mwaka jana, siku ile tuliyokwenda Katumba kusherehekea binamu yangu alivyopata cheti chake cha uraia, alikuja mzee mmoja ambaye zamani alikuwa jirani yetu wa mtaa wa juu. Aliondoka kundi moja na wewe. Amerudi kumalizia uzee kwa mwanawe. Alitukalisha mimi na Mama ndani, akatuambia kwamba mlifika. Kwamba itongo lenu mlilikuta lina watu wengine, wakakupa pembe ya kujenga kibanda. Kwamba vita vilipopamba moto hukukimbia tena, ulisema umechoka kukimbia, na kwamba ugonjwa ndio uliokuchukua, si risasi, na walikuzika palepale.

Mama aliuliza jambo moja tu. "Walimsomea sala?"

"Walimsomea."

Mimi niliuliza langu. Sauti ilinitoka kama ya mtoto. "Aliwahi kusema kwa nini aliondoka Katumba?"

Mzee alinishangaa. "Mbona hilo kila mtu njiani alilijua? Alikuwa anatafuta kaburi la mama yake. Mama huyo aliuawa siku ile wanakimbia, naye akamwacha hajamzika. Majirani ndio waliomzika. Alitaka aone wapi."

"Alilipata?"

"Alilipata. Lilikuwa nyuma ya migomba, watu wanapita juu yake hawajui. Alilizungushia miti. Kila asubuhi alikuwa analipalilia kabla ya kwenda shamba."

Data, sikuwahi kujua kwamba ulikuwa na mama. Ninajua ni upuuzi kusema hivyo, kila mtu ana mama. Lakini hukuwahi kumtaja, nami sikuwahi kuuliza, si kwa Kirundi wala kwa Kiswahili. Nilikaa miaka nikijiona ndiye niliyekuondoa, kumbe wakati wote ulikuwa umebeba jambo ambalo mimi simo kabisa ndani yake. Nilipaswa kupumua. Nilipumua kweli. Lakini pia niliumia, na hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo, kwamba mtu anaweza kuondolewa mzigo akauona mkono wake umekuwa mtupu.

Mama ameniambia jina la bibi. Lilikuwa Barandereka. Likizo ya mwezi wa sita mimi na Kaka tutavuka. Tutauliza watu pale walipojenga, watuonyeshe migomba, na kama miti uliyoizungushia imeoza tutaweka mingine, kwenye makaburi yote mawili, lake na lako. Nimeanza kumfundisha binti yangu, tutakayekwenda naye, kusema jina hilo, ili tukifika asilikosee.

Lala salama, Data. Ukimwona huko, mwambie ana wajukuu.

Ni mimi, binti yako.