Magunia ya Mchele Yaliyoanguka Bama

Babu yangu,

Huku Birmingham, nje kidogo ya mji, kuna ndege ya vita ya zamani ambayo bado inaruka. Ni ya aina ileile iliyowaangushia chakula kule Bama, yaani Burma, katika vita na Mjapani, ulipokuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Kila Jumamosi wanaletwa watoto wa shule waitazame, wafunzwe historia. Mimi najitolea hapo kama fundi. Naam, cheka. Mikono hii uliyosema haiwezi kunoa hata panga ilipewa kitambaa ing'arishe mabawa. Mabawa nayo yaliponishinda, nikahamishiwa kwenye chai.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikucheka? Ndege ikipita juu ya Machakos, sisi watoto tunakimbilia uwanjani kupunga mikono, wewe unajibanza ukutani chini ya paa. "Shujaa anaogopa ndege!" nikakuimbia. Bibi, mke wetu kama ulivyomwita, akanifinya sikio. Wewe ukasema tu, "Mchele pia unaua, bwana mdogo."

Baadaye sana ndipo uliponieleza. Mlitandaza vitambaa vyeupe kuonyesha pa kuangushia, ndege zikaja chinichini, magunia yakasukumwa nje bila miavuli. Moja likamwangukia rafiki yako Mutua. Mlimzika, na jioni mkapika mchele uleule. "Tungefanyaje?" ukaniuliza, kana kwamba mimi ndiye ningejua.

Basi nikamwomba Keith, mzee anayewasimulia watoto kwa kipaza sauti, aongeze sentensi moja tu: kwamba chini ya ndege ile walikuwapo askari wa Afrika Mashariki, na mmoja wao aliitwa Mutua. Keith si mtu mbaya. Ananiita Joe kwa sababu kutamka Kyalo kunamchosha. Akanipiga bega. "Sentensi moja, Joe? Umepata."

Jumamosi iliyopita ndege ikaruka, ikamwaga peremende zenye vimiavuli, watoto wakapiga mayowe. Keith akamtaja rubani, akamtaja fundi wa injini, akamtaja hata mbwa wa kikosi, tena kwa jina. Mtoto mmoja wa Kisomali akainua mkono. "Na huko chini, nani alikuwa anapokea?"

Nikaweka birika chini. Hapo sasa, nikajisemea.

"Vijana wetu," Keith akajibu, akaitazama saa yake.

Babu, ndege hiyo ina paa. Baridi ikija inawashiwa hita. Ina wazee wanaoijua kila skrubu, na ikikohoa tu wanakesha. Wewe ulirudi na koti moja na kifua kibovu, ukakohoa mpaka mwisho bila hata mmoja wao kuuliza.

Nilipompa Keith kikombe chake nikamwambia, "Jumamosi ijayo sentensi ile naisema mimi. La sivyo, chai mjipikie."

"Ah, Joe, usiiweke moyoni. Watoto wenyewe wanataka ndege tu."

Leo ndiyo Jumamosi. Niko kwangu Ladywood, mtu mzima na mvi zangu, nimenuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Simu imelia mara moja. Nimeikimbilia mpaka nikajigonga goti mezani. Ni Keith. Anauliza ufunguo wa kabati la sukari uko wapi.

Nimemwambia uko mfukoni mwangu.

Pumzika, Babu. Msalimie Mutua. Mwambie bado hajatajwa.

Mjukuu wako,
Kyalo