Sababu Nilizoandika Juu ya Dada Euphrasia

Bweri, Musoma
12 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Wenceslaus,

Marahaba kwa shikamoo uliyonitumia. Unaendeleaje na baridi ya Makambako, na mgongo umepoa? Sisi tu wazima, isipokuwa kuku, ambao kideri kimewamaliza.

Ile tovuti ya harusi ya binti yangu Rhobi, uliyonielekeza kwa simu, iko hewani. Kurasa nimeziweka GitHub, lile ghala la mtandaoni linalotunza kurasa na kila badiliko lake, bure kabisa, na wakwe wameshaona ratiba, ramani, picha za ukoo na risala ya dada Euphrasia.

Ila nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Hukuniambia kwamba kile kisanduku kinachouliza umebadilisha nini husomwa na kila mtu. Mimi mwalimu mstaafu, nikisahihisha lazima nitoe sababu. Nikaandika: "Nimetoa picha ya dada Euphrasia, inatisha wakwe." Kesho yake: "Nimefupisha risala yake, huongea mpaka wali unapoa."

Mwanawe Evance, anayefundisha kompyuta Bunda, akamsomea mama yake yote. Dada akatuma ujumbe kutoka Butiama kwamba mguu umemkamata, harusini hafiki. Nawe unajua kwetu binti hatoki mlangoni bila kushikwa mkono na shangazi. Rhobi alilia, na mimi niliogopa kweli.

Nikairudisha picha upesi. Kisanduku kikauliza tena, na kwa mazoea nikajibu: "Nimerudisha picha ya dada ili aache kununa." Hiyo nayo akasomewa.

Jumapili nilimfuata na kompyuta mgongoni, nikapiga magoti. Aliniacha hapo hapo sakafuni hadi akamaliza kuchambua dagaa.

"Revo," akasema, "unaandikaga ya wenzako tu. Leta na mimi niandike sababu."

Aliandika kwa kidole kimoja, chai ikapoa: "Nimerudisha risala yangu yote. Revocatus alikuwaga anakojoa kitandani mpaka darasa la nne." Akabonyeza mwenyewe, kisha akaulizia rangi ya sare.

Basi anakuja, na nimefurahi mno. Nawe ufike tarehe 23 bila kukosa. Msalimie shemeji Agness na watoto, Mungu awafikishe salama. Barua hii ukiisoma ichome, ndiyo maana nimetumia karatasi.

Yale maneno ya dada bado yapo, na baba mkwe wa Rhobi ameshayasoma. Sijathubutu kugusa kitu, maana najua nitaulizwa sababu.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Revocatus