Wavu Ndani ya Mshipa

Jumatano, wodini Mwanza

Daktari mwenyewe umri wa mjukuu wangu, anataka kupitia kinenani kwangu, na hata shikamoo hajanipa! Nikatazama ukuta mpaka akajirudi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, sema."

Damu imeganda mguuni. Kesho atapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, wenye wavu mdogo, ainase na kuivuta nje isije ikapanda mapafuni.

"Na kipande kikikuponyoka?" Nimeanika dagaa ufukweni kule Nkome, nyavu nazijua.

"Juu nitatega wavu mwingine, bibi."

Hapo nikamkubali. Naogopa kidogo, lakini huyu anajua kutega.

Kilichoniudhi ni mkwe wangu, Mama Kulwa. Tangu aambiwe kwamba kunikanda mguu kwa maji ya moto kungeweza kuisukuma ile damu ikaniua, amekuwa kama mwizi. Hanigusi, hata shuka hanifuniki. Mjinga! Nani alimwamuru akande kama si mimi?

Nimemwita. "Wewe, kichwani hakuna damu iliyoganda. Njoo unisuke, nisiingie kwa daktari kama kichaa."

Anasuka sasa, huku naandika. Anavuta mno, lakini namwinamishia kichwa.