Kiraka cha Chumba cha Nyuma

Tarehe 4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na cherehani bado inakubali kusukumwa. Mimi mzima, kazi zipo, lifti za mji huu haziishi kukwama.

Ulisema kwenye simu tupeane salamu tu, mambo ya nyumba nikuandikie uyasome mara mbili. Haya, nayaandika: tuuze, Mama. Tangu waseme kiwanda cha nguo kinafungwa, mtaa wetu una nyumba ngapi zimeandikwa INAUZWA ukutani? Kila mwezi bei inashuka. Huku nilipo ndiyo inapanda, na mwenye nyumba wangu amenipandishia kodi mara mbili kwa mwaka mmoja. Nimepata fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya nne. Lifti ya jengo lile naihudumia mimi mwenyewe, kwa hiyo goti lako lisiogope ngazi. Chumba kimoja ni chako. Mwenye fleti amekubali kunishikia hadi mwisho wa Aprili.

Dalali wetu Leo Tu ameshapata mnunuzi, nesi mmoja mwenye watoto wawili. Hati ina jina lako, bila sahihi yako mimi nabaki nimekaa. Tukizubaa tutakosa huko na huku.

Mwanao,
Msumari

Tarehe 19 Februari

Mwanangu Msumari,

Marahaba. Goti linanisumbua asubuhi, likishapata joto linaacha deko. Unakula vizuri? Mara ya mwisho ulikuja umebaki masikio.

Leo Tu alikuja, na kama kawaida yake bei ni ya leo tu, kesho dunia inaisha. Nesi alikuja naye. Mwanamke mpole, amejibana miaka kumi na moja apate nyumba. Alipima madirisha kwa shubiri akaniuliza kama nitamshonea mapazia. Nicheke au nilie? Nilimwambia nitamshonea.

Sitaki kuuza, usijidanganye. Naogopa kuishi na mtu anayetembea juu ya kichwa changu. Lakini naogopa zaidi wewe uzeeke kwenye chumba cha kupanga kwa ajili ya ukaidi wangu. Nimewaambia waje Jumamosi ya katikati ya Machi, nitasaini.

Kitu kimoja. Desemba ulipokuja likizo ulipaka rangi chumba cha nyuma peke yake. Nilikuuliza kwa nini hicho tu, ukaangalia viatu vyako, ukasema ni rangi iliyobaki mahali fulani. Sasa rangi ile inapasuka, mstari kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni. Unakumbuka viraka vya marehemu baba yako? Akiona ufa anauwekea kiraka chembamba cha plasta, anachora tarehe kwa msumari, anasubiri. Kiraka kikibaki kizima, ufa umelala. Kikipasuka, nyumba bado inatembea. Pale palikuwa na kiraka chake. Kiko wapi?

Mama yako

Tarehe 6 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Rangi hupasuka, Mama, ni joto tu. Nakuomba usianze kuchokonoa ukuta wiki ya kuuza nyumba. Baba alikuwa anaona ufa hata kwenye sahani. Sogeza kabati lako la nguo pale kwenye mstari, watu waingie, waone, wasaini, basi. Mwenye fleti ameniuliza mara mbili nimefikia wapi.

Mwanao,
Msumari

Tarehe 20 Machi

Msumari,

Marahaba. Mimi sijambo. Wewe ndiye sijui.

Nilikwangua rangi kwa kisu cha jikoni. Kiraka cha baba yako kipo, na tarehe yake ipo, mwezi mmoja kabla hajatutoka. Kimekatika vipande viwili. Katikati umejaza simenti nyeupe ukasawazisha vizuri kabisa. Mkono wako naujua, mwanangu, nilikufundisha mimi kupaka siagi kwenye mkate.

Jumamosi walikuja. Watoto wa nesi walikimbilia chumba cha nyuma, wakaanza kugombana nani atalala chini ya dirisha. Nilikuwa nimeshika kalamu. Niliwaangalia, nikaiweka chini. Kabati nilikuwa nimelisogeza pale kama ulivyosema. Nikalisogeza tena, nikamwita mama yao aone.

Aliingiza ukucha kwenye ufa. Akawashika watoto mkono wakatoka. Leo Tu aliondoka hata maji hajanywa.

Kwa nini hukuniambia? Hilo ndilo linaloniuma, kuliko ufa.

Mama yako

Tarehe 2 Aprili

Mama,

Umeniangusha. Mnunuzi mmoja tu mtaa mzima, na wewe unamshika mkono unampeleka kwenye ufa! Nyumba gani haina ufa? Sema ukweli: hukutaka kuuza tangu siku ya kwanza. Ufa umekuwa kisingizio. Mimi nimelala miaka tisa kwenye chumba ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, na nilikuwa nimebakiza hatua moja.

Usinitafute kwanza.

Mimi

Tarehe 25 Aprili

Mwanangu,

Umeninyima shikamoo, lakini marahaba yako naiweka hapa, utaikuta.

Nusu ya uliyosema ni kweli. Nesi alipotoka mlangoni nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani, furaha ikanitoka, nikaona haya. Nusu nyingine si kweli: hata kama ningekuwa naitamani fleti yako usiku na mchana, wale watoto nisingewalaza pale.

Nilimwita yule mzee aliyekuwa akichanganya zege na baba yako. Alichimba nje ya dirisha siku mbili, huku akinitukania mafundi wa siku hizi. Bomba la maji ya kufulia lilikuwa limepasuka chini kwa chini, maji yote yanaingia kwenye msingi. Ameligeuza, amepiga mtaro mpya. Tarehe 20 aliweka kiraka kipya, tarehe nikachora mimi. Ameniambia tusubiri mvua zipite, ndipo tujue.

Nesi alirudi. Kununua hataki, bei zenyewe hazieleweki na kiwanda hakijasema kitu, lakini amepanga vyumba viwili vya mbele. Anasema mtu aliyemwonyesha ufa hatamficha na mambo mengine. Chumba cha nyuma nimekifunga.

Ile fleti umefikia wapi? Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako

Tarehe 8 Juni

Msumari,

Simu hupokei. Barua hujibu. Mtu wa posta sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Kama umeshanunua, nitafurahi kwa ajili yako, naapa. Niambie tu uko mzima.

Mama yako

Tarehe 14 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, ile niliyokunyima.

Nilikuwa mzima wa mwili. Sikununua. Aprili ilipita na mwenye fleti hakupata mtu, huku nako wanunuzi wamekauka ghafla, akaniongezea muda. Benki ikakubali kunikopesha. Nilikwenda na kalamu mfukoni. Jikoni nikaona ukuta mmoja umepakwa rangi mpya, mmoja tu. Nikamuuliza kwa nini huo peke yake. Akaangalia viatu vyake.

Mama, kalamu niliiacha mfukoni.

Nilimwambia sisaini mpaka niweke kiraka. Alicheka, lakini alinipa ufunguo kwa kuwa anamhitaji mnunuzi. Nilikwangua rangi, nikapaka plasta, nikachora tarehe kwa msumari kama Baba. Kila nikienda kukagua lifti nilipita kukitazama. Siku ya tisa kilikuwa kimekatika. Nilikaa kwenye sakafu ile nikalia kama mtoto, maana yule bwana alitaka kunifanyia kile kile nilichotaka kumfanyia nesi, na mimi nilitaka kukulaza wewe humo.

Cha Baba nilikikuta kimepasuka Desemba. Nilijua. Nilikuwa nimeshaitamani fleti, nikaona nikikuambia hutauza. Nikakifunika kwa mikono hii. Nisamehe.

Nina likizo Septemba. Nataka kuja kushika sululu, kama bado kuna cha kuchimba. Sijui kama kile chumba umeshampa mtu, wala kama unataka kuniona. Niandikie kiraka kinasemaje.

Mwanao,
Msumari

Tarehe 1 Agosti

Mwanangu,

Salamu tutapeana mlangoni.

Mvua zimepita. Kiraka kizima. Chumba cha nyuma hakina mtu. Njoo.

Mama yako