Nakala ya Sauti ya Mzee Gunarso

Jumatatu, 6 Machi 2023

Mvua tangu asubuhi. Barua imeingia kwenye mradi wetu – programu huria ya kuendesha kompyuta pepe. Mimi ndiye ninayetunza sehemu ya diski. Mwandishi ni mama mmoja wa mji wa Klaten, Bu Sumirah, mwalimu mstaafu wa kompyuta. Alidurufu diski pepe – faili moja kubwa linalofanya kazi kama diski – yenye sauti za marehemu baba yake, Mzee Gunarso, mcheza vikaragosi vya kivuli. Kanda zenyewe zilishaoza. Programu yetu ikamwambia: nakala imekamilika. Akafuta diski ya zamani, akapakia mambo mengine juu yake. Leo kaifungua nakala – masimulizi tisa ya mwisho, kimya.

Hakutukana. Kaomba radhi kwa kutusumbua. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 7 Machi

Nimeifanya hitilafu ile itokee hapa kwangu. Usomaji ukikatika njiani, msimbo haurudi kusoma kilichobaki. Unakijaza sifuri, unaendelea na safari. Jina lilelile, ukubwa uleule, ndani hamna kitu.

Nimemwelekeza Bu Sumirah apeleke diski yake kwa fundi wa kuokoa data, mjini Solo. Kashukuru mno.

Jumatano, 8 Machi

Nimefuatilia historia ya mistari ile ya msimbo. Ililetwa miaka miwili iliyopita na mchangiaji mgeni. Aliyeikagua na kuipitisha – mimi. Siku ya harusi ya dada yangu. Nakumbuka vizuri: nimevaa kebaya, blauzi ya sherehe, simu mkononi, nikaandika "iko sawa", nikakimbilia kupiga picha.

Nimemwonyesha Damar, tunayekaa naye meza moja. Akasema hii kazi ni ya kujitolea, dada – ukilipwa sifuri, unalaumiwa sifuri. Sikucheka. Baadaye akaniletea kahawa.

Ijumaa, 10 Machi

Marekebisho yamepita. Mistari sita. Majaribio yote kijani, hakuna lililofeli. Watu nisiowajua wananipongeza.

Mchana fundi wa Solo kapiga simu. Data mpya imekalia ya zamani, hakuna cha kuokota. Nikamwomba ajaribu tena. Akasema, kwa upole, ameshajaribu mara tatu. Nikamwomba asimwambie Bu Sumirah. Nitamwambia mimi.

Jumapili, 12 Machi

Klaten. Si jambo la kuandikiana. Nimekuja kusema kwamba sauti hazirudi, na kwamba aliyeipitisha mistari ile ni mimi.

Bu Sumirah hakuniacha nianze. Ingia, mwanangu, umelowa. Akanipa taulo. Akanisimulia: kwenye rekodi ya mwisho mzee alizidiwa na kikohozi, akamwita yeye amalizie hadithi. Alipomaliza, baba akamsifu. Mara moja tu maishani mwake, na imo mle.

"Hiyo ukiipata," akasema, "nyingine hata zikipotea si neno."

Nimekaa barazani, naandika kwenye goti. Yeye yuko jikoni, nasikia kinu. Tangu nifike nimetamka maneno mawili: asante, na ndiyo.

Ananiita kutoka ndani. Anauliza kama nakula pilipili.