Kupanda ni Injini, Kushuka ni Breki

Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia marahaba, lakini nikianza kukusemesha bila salamu utasema kifo chako kimeniharibia adabu.

Leo ni Ijumaa mchana na nyumbani niko peke yangu. Mama na mdogo wangu Elia wamekwenda mashineni kukoboa mpunga, kwa sababu kesho alfajiri wanakwenda Mahenge kumchukua Bibi. Hatimaye amekubali kushuka kuja kuishi nasi hapa Mlabani. Mama amefurahi mpaka anaimba jikoni, jambo ambalo hajalifanya tangu tukuzike. Mashineni wamekwenda kwa guta, maana Elia ameshaiosha Staleti yako na hataki iingie pumba. Kesho wanakwenda nayo Mahenge. Mama atakaa mbele.

Wewe na mimi tu ndio tunaojua kwa nini jambo hilo linanitisha hivi. Na wewe umekwenda.

Nakumbuka siku ile injini ya Noah ilipoingia uani, imefungwa kwa viroba, na jirani wakadhani tumenunua ng'ombe aliyechinjwa. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasema, "Mzee, gari dogo hivi na injini kubwa hivyo, utaiweka juu ya paa?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukaniambia, "Tekla, lete futi." Tulipima mara tatu. Ilikuwa inaingia kwa kuichokoza, ukikata hapa na kusogeza rejeta pale.

Kazi ilituchukua kiangazi kizima. Ulisimamisha nguzo mbili na gogo la mtiki juu yake, ukaning'iniza winchi ya mnyororo, ukanifundisha kuvuta kidogokidogo huku wewe umelala chini unaniongoza kwa sauti. Vishikizo vya injini vya zamani havikukubali, tukachomelea vipya. Wewe ulishika kifaa cha kuchomelea na mimi nikashika chuma kwa koleo, nikiwa nimefunga macho. Ulisema mwanamke anayefunga macho kwenye kuchomelea ana akili kuliko wanaume wote wa karakana ya kiwanda cha sukari. Nilijua unanitania, lakini nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Na chaki yako! Miaka yote uliyofanya kazi kule kwenye karakana ya kiwanda, mtambo ambao haujakamilika mliuandika BADO kwa chaki, kwa herufi kubwa, ili watu wa zamu inayofuata wasije wakauwasha. Ulistaafu ukahama na chaki mfukoni. Uliandika BADO kwenye mlango wa choo ulipokuwa haujapata komeo. Ukaandika kwenye ndoo iliyovuja. Nilipoleta matokeo yangu ya kidato cha pili uliyasoma, ukatoa chaki, ukaniandikia BADO mgongoni kwenye sweta, na mimi nikaenda nayo dukani bila kujua. Nilikununia siku mbili. Leo ningetoa chochote uniandike tena.

Ulipoulizwa kwa nini unahangaika na injini kubwa, jibu lako lilikuwa moja. Staleti ilikuchosha kwenye mlima wa Mahenge. Kila tulipokwenda ukweni kwako ilibidi sisi wengine tushuke tutembee, na wakwe wakatuona tunafika kwa miguu nyuma ya gari letu wenyewe. Ulisema hutakufa kabla hujapanda mlima ule na mke wako amekaa ndani. Lakini kila ulipolisema hilo uliongeza jambo la pili, na hilo nalisikia mpaka leo: "Kupanda ni injini, Tekla. Kushuka ni breki."

Breki kubwa za mbele ulikuwa umeziagiza Morogoro. Upande mmoja ulifika. Upande wa pili haukufika. Boksi liko chini ya kitanda chenu hadi sasa, Mama anaweka viatu juu yake.

Kisha ikaja Jumapili ile. Tulikuwa tunaijaribu injini tu, kusikia kama itawaka. Ikawaka. Ilinguruma mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Watu wakajaa uani, na Baba Mkubwa akatokea kanisani na suti yake, akauliza mbele ya wote, "Mdogo wangu, imekwisha?" Ulinitazama. Nilidhani utatoa chaki. Ukanitazama tena, ukatazama watu, ukatazama Mama aliyekuwa ameshaanza kupiga vigelegele, ukasema, "Imekwisha."

Sikusema neno. Nilijua ulitaka siku moja ya kupigiwa makofi, na nilijua Jumatatu tutarudi kwenye breki. Nani asingekupa siku moja? Jumatano ukaanguka bafuni. Alhamisi tukaambiwa na daktari kwamba presha imekuchukua.

Sasa sikia yaliyotokea baada ya hapo.

Siku ya arobaini yako ndugu walikaa kugawa vitu. Makoti yako yalikwenda kwa wajomba, baiskeli kwa Baba Mkubwa. Spana zako nilipewa mimi, na nilishukuru. Kisha Baba Mkubwa akasimama na ufunguo wa Staleti, akamwita Elia, akamkabidhi kwa mikono miwili. Akasema hii ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wa ndugu yake, isifunguliwe, isilegezwe hata nati moja, iendeshwe kama alivyoiacha. Watu wote wakasema amina. Na mimi nilisema amina, Baba. Mdomo wangu wenyewe.

Ningesema nini? Kwamba marehemu alidanganya? Mbele ya kaburi lenye udongo mbichi, binti asimame aseme baba yake alitangaza kazi ambayo hakuimaliza? Nilijipa siku chache, nikasema nitamwambia Elia pembeni. Siku chache zikawa wiki. Na bonde hili letu lilinisaidia kunyamaza. Toka Mlabani mpaka Lumemo, toka sokoni mpaka hospitali, kote ni tambarare. Unaachia mafuta, gari linasimama lenyewe kwa uvivu. Elia alizunguka mji mzima akipigiwa miluzi na vijana wa bodaboda, na breki hazikuulizwa swali hata moja.

Lakini mimi nilikuwa nasikiliza. Mwanzoni alikanyaga pedali mara moja. Baadaye nikaona goti lake linapanda na kushuka mara mbili kabla ya kuingia getini. Sasa ni mara tatu. Nilipomuuliza akacheka, akasema, "Inataka kubembelezwa tu." Mbele gari limeinama kwa uzito wa injini. Kila asubuhi napita nyuma ya gurudumu la kushoto nikijifanya natafuta kuku, na kila asubuhi nakuta unyevu kidogo kwenye mpira wa breki. Naugusa, nanusa kidole. Si maji.

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya gari naye. Tulipokaribia daraja la Lumemo ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Elia alikanyaga. Gari halikusimama. Alikanyaga tena na tena, tukaenda polepole, polepole kabisa, kama watu waliokubaliana, mpaka bampa ikamgusa ng'ombe wa mwisho kwenye paja. Hakuumia. Mzee wa Kisukuma aliyekuwa anawachunga alikuja dirishani, akatuangalia wote wawili, akasema, "Wanangu, ng'ombe wangu kawasamehe. Korongo halina msamaha." Elia aliwasha redio. Mimi nilishuka nikarudi nyumbani kwa miguu.

Jioni hiyo nilimwambia. Nilisema breki ni za gari dogo na injini ni ya gari kubwa, tufungue, boksi lipo, tuagize na upande wa pili. Sikusema kwamba wewe ulijua. Elia akasema, "Baba alisema imekwisha. Watu wote walisikia. Au unaona wivu kwa sababu hukupewa wewe?"

Baba, ninakuandikia wewe kwa hiyo sina haja ya kujipamba. Ndiyo, niliona wivu. Nilivuta mnyororo ule kiangazi kizima mpaka viganja vikachubuka, Elia akiwa anacheza pool, halafu ufunguo ukapita mbele ya pua yangu. Na kuna asubuhi moja, moja tu, nilipougusa ule unyevu nikasema moyoni, mwache ajionee. Nilisema hivyo juu ya mdogo wangu. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nilijiambia kwamba ajali ikitokea, nitakuwa nimeisababisha mimi.

Jana nilijaribu tena, kwa Mama. Nilianza tu, "Mama, kuhusu gari la Baba," akaniwekea mkono begani akasema, "Tekla, mwache baba yako apumzike." Halafu akarudi kuchambua maharage ya Bibi. Anachambua kwa furaha, jiwe moja moja. Ningewezaje kuendelea?

Leo asubuhi mvua imenyesha Mahenge. Huku kwetu kavu, lakini milima imefunikwa na wingu zito tangu jua lichomoze, na mto Lumemo umeanza kubeba matawi. Dereva mmoja aliyeshuka na mbao amemwambia jirani kwamba barabara kule juu inateleza. Elia amesikia, akasema injini ya Noah haijui utelezi. Nikamwona akilini, kesho, akishuka na Mama mbele na Bibi nyuma amekumbatia kuku wake, goti linapanda na kushuka, mara tatu, mara nne, mara tano. Mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini kilio hiki kitakuwa cha nani?

Guta lilipokata kona sikungoja. Nilichukua spana zako. Nilisema kwa sauti, peke yangu uani, "Baba nisamehe, nakufungua." Nikaanza na gurudumu la kushoto. Mpira wa breki umechanika pale unapogusana na kishikizo tulichochomelea, Baba. Tuliuchubua sisi wenyewe, wewe na mimi, siku ile nilipofunga macho. Umebaki uzi. Nilikaa chini pale kwenye vumbi, nikalia kwa hasira, nikakutukana kidogo, Mungu anisamehe. Kwa nini hukusema bado? Herufi nne! Ulisema neno hilo kwa ndoo, kwa mlango wa choo, kwa matokeo yangu. Kwa nini siku ile mbele ya watu uliona aibu?

Kisha nikaingia ndani kulegeza fimbo ya pedali, nitoe masta silinda nzima, ile inayosukuma mafuta ya breki, ili hata nikishindwa kwa maneno gari lisitoke kesho. Nililala chali, kichwa chini ya usukani, kama ulivyonifundisha. Zulia la miguuni lilinizuia, nikalivuta.

Kwenye bati, chini kabisa ya pedali ya breki, pale ambapo Elia ameweka kisigino chake tangu arobaini, kuna chaki. Herufi kubwa, ile D yako inayofanana na sufuria. BADO.

Sijui uliandika lini. Labda Jumapili ileile, watu walipokuwa wanakunywa soda. Labda Jumatatu. Ulificha aibu yako kwa watu, lakini hukumficha fundi. Ni fundi tu angelala pale akavuta zulia. Na kwenye nyumba hii yuko mmoja.

Nilikaa na kukumbuka ulivyonieleza zamani: chaki haiandikwi kwa ajili ya aliyeandika. Inaandikwa kwa zamu inayofuata.

Basi nimefanya hivi. Masta silinda iko mapajani mwangu ninapoandika. Hayo madoa ni mafuta ya breki, usidhani ni machozi yote. Magurudumu ya mbele nimeyafungia stoo na ufunguo uko kwangu. Mlango wa dereva nimeuacha wazi na zulia limekunjwa. Elia atapiga kelele. Ataniita mwizi, atampigia simu Baba Mkubwa, na Baba Mkubwa atakuja na suti yake kunisomea amina yangu. Sitabishana nao. Nitamshika Mama mkono, nitamwambia ainame asome. Mwandiko wako anaujua kuliko mtu yeyote. Pengine atalia upya, pengine nitakuwa nimemwondolea wimbo jikoni kwa mwezi mzima. Ila atakuwa yupo wa kulia.

Bibi atangoja. Akishindwa kungoja, atashuka na basi na kuku wake.

Nasikia guta linakuja, mnyororo wake ule usiotiwa mafuta. Elia anapiga filimbi. Bado hajaliona gari.

Kwa heri, Baba. Sasa unaweza kupumzika kweli, kama Mama anavyotaka. Upande wa pili wa breki nitautafuta mimi, nitaufunga mimi, na nitaipandisha Staleti Mahenge na kuishusha peke yangu kabla mtu mwingine hajakaa ndani. Siku hiyo nikirudi salama nitailowesha kanga yangu, niinamie chini ya pedali, niifute chaki yako kwa mkono wangu. Kabla ya hapo sitaruhusu hata vumbi liiguse.

Zamu nimeipokea.

Binti yako,
Tekla