Nobu ya Pili

Mjukuu wangu Beni,

Marahaba. Huku Mlabani tu wazima. Bibi yako anaanika mpunga na kugombana na kuku.

Umeniuliza kama ununue hiyo amplifaya kuukuu ya gitaa, ile ya taa za kioo zinazowaka ndani, ambayo fundi ameiongezea nobu ya pili ya kupunguzia sauti. Katika ujana wangu, nikiwa mpiga gitaa, nilikwenda Idete kujaribu moja kama hiyo iliyokuwa ikiuzwa. Mwenyewe alikuwa amefariki na matanga yalikuwa hayajaanuliwa, lakini mimi nilikuwa na haraka. Kwa kuheshimu msiba nikaifunga nobu ya pili kabisa, ndipo nikafungua ya kwanza yote. Gitaa langu lilikuwa bado kwenye mfuko wake. Taa ziliposhika moto, sauti ya gitaa ikatoka kwenye spika, ndogo, kama linapigwa ng'ambo ya mto.

Mjane akaacha kupepeta mchele.

"Hiyo nobu aliiweka kwa ajili yangu, nipate usingizi," akasema. "Usizime, mwanangu. Mwache amalize."

Niliiacha inawaka, nikatoka bila kuaga.

Basi nawe fungua ya kwanza yote, funga ya pili, usichomeke kitu, usikilize. Ikinyamaza, nunua. Isiponyamaza, muulize muuzaji ilikuwa ya nani.

Babu yako